Kontroli boksi inayosingiziwa: taa ya enjini, skana inayogoma na programu zisizopatana

Gari limelala gereji wiki mbili, limebadilishiwa kontroli boksi (kompyuta ya enjini) mara mbili, na taa ya enjini bado inawaka. Ukiuliza boksi ya kwanza ilikuwa na kosa gani, unajibiwa, "Skana ilisema." Skana, yaani kifaa cha kusoma misimbo ya makosa ya gari, mara nyingi haisemi boksi imekufa. Inasema boksi haijibu, au imepokea data isiyoielewa, au namba iliyomo ndani hailingani na ile inayotarajiwa na kifaa kingine. Kila moja ya kauli hizo ina sababu kadhaa, na nyingi ziko nje ya boksi yenyewe.

Hapa matatizo yamepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili kinaanza kile kinachokutwa mara nyingi zaidi. Mifano mingi ni ya Toyota na Nissan zilizotumika Japan, kwa kuwa ndizo zinazojaa barabarani kwetu. Unahitaji mita ya dijitali, skana inayosoma zaidi ya misimbo inayoanza na P (ya enjini na gia; C ni ya breki na chasisi, B ya bodi, U ya mawasiliano kati ya kompyuta za gari), kalamu na daftari. Taa ya kupimia yenye balbu iache kwenye sanduku la vifaa. Balbu ile huvuta mkondo mkubwa kuliko transista za ndani zinavyoweza kubeba, na ukiigusisha kwenye pini isiyo yake umeshaua boksi iliyokuwa nzima.

Anza hapa, hata kama una uhakika na jibu

Muulize mwenye gari kitu cha mwisho kilichofanyika. Enjini ilioshwa kwa presha? Alamu au traka imefungwa juzi? Gari limechomelewa? Limebustiwa kwa betri ya gari lingine? Swali hili limeokoa boksi nyingi kuliko skana yoyote. Traka zenye relei ya kuzima gari hukatiwa nyaya za swichi au za pampu ya mafuta na kuunganishwa kwa utepe tu. Miezi sita baadaye kiungo kinalegea na gari linaanza kuzima barabarani.

Kisha betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, na 12.2 maana yake imebaki nusu. Acha mita kwenye betri, piga stata. Ikishuka chini ya 9.6, boksi inaweza kujizima na kujiwasha upya katikati ya stata, na hapo ndipo misimbo ya ajabu huzaliwa. Enjini ikiwaka, altaneta itoe 13.8 hadi 14.5. Ukikuta P0560, P0562 au P0563 (misimbo ya volti za gari) pamoja na rundo la misimbo ya U, usifuatilie hiyo ya U kwanza. Tengeneza umeme, futa, endesha gari, soma tena.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, inapimwa vibaya kila siku. Fundi anaweka mita kwenye ohm, inasoma sifuri, anasema ethi iko sawa. Waya uliokatika nyuzi zote ukabaki uzi mmoja nao unasoma sifuri, lakini hauwezi kubeba mkondo. Pima ukiwa na mzigo: enjini inaunguruma, taa kubwa na feni vimewashwa, mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye waya wa ethi wa boksi. Isizidi volti 0.1. Ikizidi, fuata waya huo mpaka pale unapofungwa kwenye enjini au bodi. Mara nyingi utakuta bolti yenye kutu au iliyopakwa rangi.

Halafu washa swichi bila kupiga stata na uangalie taa ya enjini. Lazima iwake. Isipowaka kabisa, ama balbu imetolewa ili kuficha kosa (hutokea sana kwenye magari ya kuuza), ama boksi haipati umeme, ama haipati ethi. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi.

Mwisho, piga picha lebo ya boksi na andika misimbo yote kabla ya kufuta chochote, pamoja na picha ya wakati wa kosa kama skana inaionyesha: joto la maji, mzunguko wa enjini, mwendo. Namba ya boksi ya Toyota huanza na 89661, ya Nissan 23710, ya Honda 37820, ya Subaru 22611. Tutairudia namba hiyo.

Dalili: taa ya enjini inawaka ila gari linakwenda vizuri

Tofautisha taa iliyotulia na taa inayopepesa. Iliyotulia inakupa muda. Inayopepesa ukiwa unaendesha ina maana silinda moja au zaidi hazichomi, na mafuta mabichi yanaenda kuungulia ndani ya kichujio cha moshi. Punguza mwendo, simama pahali salama, zima. Ukilazimisha safari, kichujio kitayeyuka ndani na kuziba njia ya moshi, kisha mtu atakuja kulaumu kontroli boksi kwamba gari halina nguvu.

Kwa iliyotulia, sababu za kawaida ni sensa ya oksijeni, mpira wa hewa uliopasuka, plagi na koili. Hakuna hata moja inayohusu programu. Usiruhusu mtu akuandikie programu mpya kwa ajili ya P0171 (hewa nyingi kuliko mafuta) au P0420 (kichujio cha moshi hakifanyi kazi vizuri). Programu iliyorekebishwa itazima taa tu, na mpira utaendelea kuvuta hewa.

Kwenye Toyota zenye VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza), taa za ABS na VSC huwaka pamoja na ya enjini, na kwenye ABS unakuta C1201. Msimbo huo unasema tu kwamba kompyuta ya breki imearifiwa enjini ina tatizo, ikajitoa kazini. Usiguse ABS. Tengeneza kosa la enjini, taa zote zitaondoka pamoja.

Dalili: skana haiongei na kontroli boksi, au vifaa vingine vinaleta U0100 (boksi ya enjini haisikiki)

Anza na skana yenyewe. Vile vidude vidogo vya bluu vya Bluetooth vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana mara nyingi ni nakala, na vinakosa baadhi ya lugha za mawasiliano. Kijaribu kwenye gari lingine unalojua ni zima. Jambo la pili, Toyota nyingi za soko la Japan za kabla ya mfumo wa CAN (nyaya mbili zinazounganisha kompyuta za gari) zinaongea kwa namna ambayo programu za simu hazijui kuianzisha, hivyo "imeshindwa kuunganisha" haimaanishi chochote. Kwa hizo kuna njia ya zamani. Ukitazama soketi ya OBD (ya kuchomekea skana) upande wake mpana ukiwa juu, pini 1 hadi 8 ziko safu ya juu na 9 hadi 16 safu ya chini, zote kutoka kushoto. Unganisha pini 4 na 13 kwa kipande cha waya, washa swichi, uhesabu taa ya enjini inavyopepesa. Ikipepesa haraka bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikitoa mapigo, ikapumzika sekunde moja na nusu, ikatoa mengine, hizo ni tarakimu mbili za msimbo mmoja. Angalia mara tatu unaposhika pini: pini 16 ina umeme wa betri muda wote.

Skana ikiwa nzima, pima soketi: kati ya pini 16 na 4 kuwe na volti ya betri. Hakuna? Tafuta fyuzi. Toyota nyingi huiandika OBD, na kwenye magari mengine ni fyuzi ileile ya kiberiti cha gari, iliyoungua siku mtu alipochomeka chaja mbovu ya simu.

Soketi ina umeme lakini boksi ya enjini haijibu huku ABS na nyingine zinajibu? Sasa tafuta umeme wa boksi. Kwenye Toyota kagua fyuzi iliyoandikwa EFI na relei yake, badilisha relei na nyingine ya aina ileile iliyo jirani, uone. Relei inaweza kulia "tik" na bado isipitishe umeme.

Kisha njoo kwenye kosa linaloua boksi nzima machoni pa mafundi wengi: volti 5 za sensa. Boksi huzalisha volti 5 na kuzigawa kwa sensa kadhaa kupitia waya mmoja, ambao Toyota huuita VC. Sensa moja ikipiga shoti, au waya huo ukisagika hadi kugusa chuma, volti 5 zote zinaanguka. Kwenye Toyota nyingi boksi nayo inazimika: taa ya enjini haiwaki, skana haijibu, gari haliwaki. Inafanana kabisa na boksi iliyokufa. Chomoa soketi ya sensa ya presha ya hewa au ya throto (mlango wa hewa ya enjini), pima kati ya VC na E2 (ethi ya sensa), swichi ikiwa imewashwa. Inatakiwa 4.5 hadi 5.5. Ikisoma sifuri, chomoa sensa nyingine zinazotumia waya huo moja baada ya nyingine, jicho likiwa kwenye mita. Volti zikirudi ghafla, sensa uliyoichomoa sasa hivi ndiyo mhalifu. Zisiporudi hata baada ya kuchomoa zote, fuata waya pale unapopita karibu na egzozi na kwenye mabano ya enjini. Panya nao wasisahaulike.

Magari yenye CAN yana kipimo kingine kizuri. Toa nyaya za betri, subiri dakika chache, pima ohm kati ya pini 6 na 14. Inatakiwa karibu 60, kwa sababu kuna rezista mbili za ohm 120 kwenye ncha mbili za mtandao. Ukisoma 120, ncha moja imekatika au kifaa chake kimetolewa. Karibu sifuri ni nyaya mbili zimegusana. Ukisoma 40, kuna rezista ya tatu: mtu amefunga kifaa cha modeli nyingine chenye rezista yake ndani. Huo ni ushahidi wa vifaa visivyopatana ulioupata hata kabla ya kuwasha skana.

Baada ya yote haya ndipo ushuku boksi. Ifungue uangalie kutu ya kijani kwenye pini na alama za maji. Kwenye Mitsubishi za mwanzoni mwa miaka ya 1990 kapasita huvuja na kula njia za shaba, na huweza kuonekana kwa macho.

Dalili: umefunga boksi nyingine, stata inapiga ila gari haliwaki, au linawaka na kuzima

Sababu ya kwanza ni imobilaiza, mfumo unaozuia gari kuwaka bila ufunguo wenye chipu inayotambulika. Boksi uliyonunua inakumbuka funguo za gari lingine. Magari mengine, kama Volkswagen, huwaka sekunde moja au mbili na kuzima. Mengine hayashiki kabisa. Angalia taa ya usalama kwenye dashibodi. Kwenye Toyota inatakiwa izime ukiweka ufunguo sahihi na kuwasha swichi. Ikiendelea kupepesa, ufunguo haujatambulika. Ikizima lakini gari likakataa, na skana inaleta B2799, basi ufunguo na kifaa cha imobilaiza vimekubaliana, ila boksi ya enjini na kifaa hicho hawajatambulishana.

Kwa baadhi ya Toyota utambulisho huo hufanyika bila mashine: unganisha pini 4 na 13, washa swichi bila kupiga stata, acha dakika 30, zima, toa waya, jaribu. Mwenye haraka hutoa waya dakika ya 20 na kusema njia haifanyi kazi. Weka chaja kwenye betri wakati huo, maana nusu saa ya swichi inashusha betri chovu. Njia hii haifundishi ufunguo mpya. Inatambulisha boksi kwa imobilaiza ya gari tu, na haifai kwa kila modeli.

Nissan ina misimbo yake: P1610 ni boksi imejifunga, P1611 na P1612 ni boksi na imobilaiza hazielewani, P1615 ni ufunguo usiotambulika. Boksi hujifunga baada ya majaribio kadhaa ya ufunguo isiouzoea. Kuifungua: tumia ufunguo uliosajiliwa, washa swichi sekunde 5, zima sekunde 5, rudia mara mbili zaidi, kisha piga stata. Ondoa funguo nyingine kwenye pete ile. Chipu ya pili iliyo karibu huvuruga usomaji.

Sababu ya pili ni gari la Japan lisilo na imobilaiza kufungiwa boksi inayoitaka. Boksi inasubiri jibu ambalo halitakuja kamwe. Hapa hakuna cha kutambulisha. Ama urudishe boksi na kutafuta yenye namba ileile, ama mtaalamu ahamishe data kutoka kumbukumbu ndogo ya boksi ya zamani kwenda mpya. Kazi hiyo hufanywa kwa kusoma chipu mezani, si kwa kubahatisha kupitia soketi ya OBD. Ukishawishiwa kuiondoa imobilaiza moja kwa moja ili kumaliza kazi haraka, fahamu umemrahisishia kazi mwizi.

Na usiache kuangalia jambo dogo: soketi za boksi kutoingia hadi mwisho. Vuta kila moja kidogo kwa mkono. Kufuli la plastiki lisipolia, halijafunga.

Dalili: gari linawaka, lakini gia ni nzito, taa kadhaa zinawaka, au kuna U0300, U0301, U0302, P0610, P0630

Hii ndiyo programu isiyopatana hasa. U0300 ni programu za ndani kutopatana, U0301 ni kifaa kingine kinalalamikia programu ya boksi ya enjini, U0302 ya gia boksi, U0315 ya ABS. P0610 ni vifaa vilivyoandikwa ndani ya boksi kutofanana na vilivyo kwenye gari. Tofauti na dalili zilizotangulia, hapa misimbo ina maana yake kamili, na mara nyingi chanzo ni ununuzi.

Muuzaji wa vifaa vilivyotumika anakuambia boksi ni ya Toyota IST, na soketi zinaingia vizuri. Lakini IST zenyewe hazifanani. Kwa namba za modeli, NCP60 ina enjini ya 2NZ ya lita 1.3, NCP61 ina 1NZ ya lita 1.5, na NCP65 ni ya 1.5 yenye magurudumu manne yanayovuta. Boksi ya moja kwenye nyingine inaweza kuwasha gari, kisha ikatia mafuta yasiyolingana na enjini. Fielder nayo ni hivyohivyo: NZE121 ina gia otomatiki ya kawaida ya hatua nne na NZE141 ina CVT (gia otomatiki isiyo na hatua), ingawa zote zina enjini ya 1NZ-FE. Boksi ya CVT haina habari ya solenoidi za ile nyingine. Matokeo yake gia inaganda kwenye namba ya tatu na taa ya O/D OFF inapepesa. Kuna pia 1NZ za mwanzo zenye throto ya kebo na za baadaye zenye throto ya umeme. Hizo hazibadilishani hata ukikata na kuunganisha nyaya, na waliojaribu tumeona nyaya zao. Enjini za D-4 (zinazonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda) kama 1AZ-FSE zina injekta za presha kubwa zenye kiendeshi chake, hivyo boksi ya 1AZ-FE ya kawaida haiwezi kuzitawala.

Kanuni ya kununua: namba yote ya lebo ifanane, pamoja na tarakimu tano za mwisho. 89661-52xxx si jibu. Mwambie muuzaji akutumie picha ya lebo, uilinganishe na ile uliyopiga mwanzoni. Tarakimu moja ikitofautiana, ulizia kwanza kwenye orodha ya vipuri kama namba mpya imechukua nafasi ya ya zamani. Wakati mwingine imechukua kweli.

Ikiwa boksi tayari imefungwa, fungua ukurasa wa taarifa za gari kwenye skana na usome namba ya programu na namba ya uhakiki wake. Namba ya programu ikiwa sahihi lakini ya uhakiki ikitofautiana na ya gari jingine la modeli na toleo lilelile, programu imebadilishwa na mtu au imeharibika. Angalizo kuhusu namba ya chasisi: magari ya soko la Japan hayatumii namba ya herufi na tarakimu 17. Ukikuta nafasi hiyo tupu kwenye skana, usishtuke, na usilipie mtu "kuiandika". P0630 ina uzito kwenye magari ya soko la Ulaya na Marekani.

Kwenye Volkswagen na Audi ukikuta 01042 au 01044, kifaa ni kizima ila hakijaandikiwa namba ya mpangilio wa gari (kodi) au imeandikwa vibaya. Soma na uandike kodi ya zamani kabla ya kubadili kifaa chochote. Ikipotea, utaitafuta kwa jasho.

Dalili: mzunguko wa enjini uko juu au unapanda na kushuka baada ya kutoa betri au kusafisha throto

Hapa hakuna kilichoharibika. Throto ilipokuwa na masizi, boksi ilijifunza kuifungua zaidi kidogo. Ukiisafisha, hewa inazidi. Toyota nyingi hujirekebisha zenyewe kwa kuendesha. Nissan ni wabishi, na mafundi wengi hukata tamaa hapa wakanunua throto mpya bila sababu.

Utaratibu wa Nissan una sehemu tatu, kwa mpangilio huu. Kwanza pedali: mguu usiguse pedali, washa swichi sekunde 2, zima sekunde 10, washa 2, zima 10. Pili throto: washa swichi, zima, subiri sekunde 10 huku ukisikiliza throto ikisogea. Tatu hewa ya mzunguko wa chini. Enjini iwe na joto la maji la nyuzi 70 hadi 100, gia kwenye P au N, taa, feni, redio na AC vimezimwa, usukani umenyooka, betri ikisoma zaidi ya 12.9 enjini ikiunguruma. Zima, subiri sekunde 10. Washa swichi, hesabu 3. Kanyaga na kuachia pedali hadi mwisho mara 5 ndani ya sekunde 5. Hesabu 7. Kanyaga hadi mwisho ushikilie, kama sekunde 20: taa ya enjini itapepesa, kisha itatulia ikiwaka. Inapotulia tu, achia ndani ya sekunde 3, piga stata, acha iunguruma sekunde 20, kanyaga mara mbili au tatu.

Tumia saa ya simu, usihesabu kichwani. Ikishindwa mara tatu, acha kurudia: kuna hewa inaingia mahali, au feni ya rejeta inawaka katikati ya zoezi na kuongeza mzigo.

Dalili: P0601 hadi P0606, au gari limekufa katikati ya kuandikiwa programu

P0601 ni hesabu ya kumbukumbu kutolingana, P0602 ni programu haijakamilika, P0603 kumbukumbu ya muda, P0604 na P0605 kumbukumbu za ndani, P0606 prosesa. P0603 peke yake huletwa na betri iliyotolewa au fyuzi ya umeme wa kudumu. Ishughulikie kama suala la umeme. Zilizobaki, zikirudi baada ya kufuta na umeme ukiwa safi, zinaelekea ndani ya boksi.

Sababu kubwa ya P0602 ni umeme kushuka wakati wa kuandika. Kazi hii inahitaji chanzo cha umeme kilichotulia, volti 13 na zaidi, chenye uwezo wa kubeba feni ya rejeta ikiwaka ghafla. Chaja ya kawaida ya betri haitoshi, kwa kuwa umeme wake una mawimbi. Wala usiache gari jingine liunguruma pembeni likikusaidia. Gari likishafia hapo, usizime swichi kwa hasira wala kutoa betri. Jaribu kuandika upya kwa faili lilelile la mwanzo. Likikataa, simama: boksi inatolewa na kuandikwa mezani.

Boksi ikiungua mara ya pili, kitu cha nje kinaichoma. Pima injekta na koili kabla ya kufunga ya tatu. Injekta za kawaida za petroli husoma ohm 11 hadi 16, na inayosoma 2 kati ya nyingine za 14 itachoma boksi yoyote utakayoleta. Kwenye baadhi ya Nissan za karibu mwaka 2000, maji ya rejeta huvuja ndani ya vali ya hewa ya mzunguko wa chini, koili yake inapiga shoti, na boksi inakwenda nayo.

Dizeli: moshi, mtikisiko na P1601 baada ya kubadili injekta

Kwa Hilux na Prado zenye enjini ya dizeli ya 1KD-FTV, kila injekta ina msimbo wake wa masahihisho uliochapwa juu yake. Boksi inatakiwa kujua msimbo wa injekta iliyo kwenye kila silinda. Ukibadili injekta, au ukifunga boksi nyingine, uandike misimbo hiyo upya; isipoandikwa ndipo P1601 hutokea. Ipige picha kabla ya kufunga injekta. Ikishakaa ndani na mabomba juu yake, huisomi tena.

Pa kusimama

Acha kazi na umpe mtaalamu wa elektroniki za magari ikiwa taa ya eabegi imewaka na kazi inapita kwenye nyaya zake, hasa zile za soketi za njano. Ikiwa boksi imeingia maji. Ikiwa umeshafikia kufungua chipu. Au ikiwa breki na usukani wa umeme vinaleta misimbo ya kutopatana. Gari litakalochomelewa, toa betri na uchomoe boksi kwanza, hata kama kazi ni ya dakika mbili kwenye bampa.

Unapokabidhi gari, omba kabla ya kazi kuanza wasome programu na kumbukumbu ndogo ya boksi ya zamani na wakupe nakala kwenye flashi. Boksi ya zamani ondoka nayo, hata ikiwa imekufa na hata wakikupunguzia bei ili ibaki: data ya funguo za gari lako imo humo, na siku boksi mpya ikikataa, humo ndimo itakapotolewa.